Barua ya Ng'ombe wa Baba Mkubwa

Hili sikumwambia mtu: mimi ndiye niliyemshtaki baba mkubwa.

Ng'ombe wake alikuwa akishinda bandani bila majani, kamba imemkata shingo hadi kidonda kina funza. Kumkosoa mtu mzima uso kwa uso nilishindwa. Nikamwandikia bwana mifugo.

Nilitaka nisijulikane. Ila mkono ulifuata ya darasani: anwani juu, jina na sahihi chini. Chekeni tu.

Leo bwana mifugo kaja, kaikata kamba, kisha kauliza mbele ya ukoo, "Fatuma ni yupi? Barua yake imenyooka."

Shikamoo yangu baba mkubwa hakuiitikia.

Nimechoka. Naandika simu ikiwa chini ya shuka, na nasikia viatu vyake vinakuja mlangoni.

Naitoa simu shukani. Akiuliza, nitamwambia ni mimi, na kidonda bado kinahitaji dawa.

Ninyi mngeficha?