Jibu la Tonton Nililolifuata Chilinde

Niliondoka Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, Alhamisi asubuhi kwenda mjini kufuata jibu. Wengi hapa kambini mnanijua: mimi njo Yvette, yule wa kushauri watu wasikilize nini. Ukiwa unashona, nitakupa miksi ya rumba ya zamani, isiyo na didjei wa kupiga kelele katikati ya wimbo. Ukiwa na mimba, nitakupa podikasti ya nesi mmoja anayeongea polepole na hatishi mtu. Na kwa mambo ya nyumbani nilikuwa namshauri kila mtu amsikilize Tonton, mtangazaji anayepokea matatizo ya watu kwa odio na kuyajibu. Nilikuwa, nasema.

Tatizo nililomtumia halikuwa langu. Mama Furaha, ambaye cherehani yake iko ubavuni mwa yangu, alinieleza kwamba Furaha si mtoto wa tumbo lake. Ni wa dada yake, aliyefariki walipokuwa wanakimbia kutoka Kivu, mtoto akiwa wa miezi mitatu. Sasa ana miaka kumi na minne na hajui. Kwenye karatasi za kambi ameandikwa mtoto wa dada, na mahojiano ya kuhamishiwa nchi ya tatu yanakaribia. Huko kila mmoja anaulizwa peke yake. Mama Furaha aliogopa mtoto asije kuambiwa na mgeni mwenye faili, na aliogopa zaidi kumwambia mwenyewe. "Akinikataa je, Yvette?" alinililia. Mimi, bila kumwuliza, nikamtumia Tonton odio ndefu. Akaniandikia: usijali mama, nitaieleza kwa mdomo wangu na majina nitabadili. Jibu lingetoka wiki hiyo, na vipindi vyake mimi huvifuata mjini, Chilinde, wanakovipakia kwenye kadi.

Saa moja asubuhi Mama Furaha alinisindikiza hadi kituoni. Alinituma uzi mweusi, zipu, na miksi moja ya rumba.

"Na ya Tonton nikuletee?" nikamwuliza, nikijikaza.

"Hapana. Ya Tonton imetosha."

Nilidhani amechoka tu.

Njiani baridi ilikuwa inaingia dirishani, na mashamba ya mahindi yalikuwa yamekwisha kuvunwa. Sikuona mengi. Nilikuwa nafanya mazoezi ya uongo wangu. Nitamwekea waya masikioni, nitasema: sikia, kuna mama mwingine ana shida kama yako, sikia Tonton anavyomjibu. Nilifurahi kabisa, nikijiona mtu wa maana.

Saa nne nilikuwa sokoni Area 36. Uzi niliupata upesi, zipu zikanizungusha. Mama aliyeniuzia alinicheka kwa Chichewa changu, nikamshukuru, zikomo, nikaondoka mbio kwa sababu ruhusa yangu ya kutoka kambini ilikuwa ya siku moja.

Saa sita nikafika Chilinde, kwa Papa Ramazani, mtu wa Kindu mwenye duka la kupakia nyimbo. Unampa kadi ya memori, yeye anaijaza kutoka kwenye kompyuta yake. Mlangoni ameweka spika kubwa, na siku hiyo akina mama wa Kikongo walikuwa wamesimama pale, vikapu chini, wanasikiliza. Nikasikia mtu anasema, "Tonton, huyu rafiki yangu Mama Furaha ananiumiza roho…"

Mama yangu wee! Ilikuwa sauti yangu. Si Tonton anaeleza, ni mimi mwenyewe, na kikohozi changu, na jina la watu nililotamka kwa mazoea. Mama mmoja akapiga makofi ya mshangao, akasema, "Kumbe! Na mtoto ule hajui?"

"Zima!" nikapiga kelele. "Papa Ramazani, zima, tafadhali!"

Akazima, akanitazama. "Mama Yvette, njo weye ule?"

"Imetoka lini?"

"Jumatatu. Tangu Jumanne bantu ba Dzaleka banaibeba tu."

Kanisani mimi njo nasomaga matangazo. Kambi nzima inaijua sauti yangu. Niliondoka hapo bila miksi, na kadi yangu nikaisahau mezani kwake. Jibu lenyewe la Tonton sijalisikia hadi leo.

Kurudi kulikuwa kurefu kuliko kwenda. Gari lilisimama kila mahali. Niliposhuka barabara kuu nikapanda kabaza, pikipiki ya abiria, nikamsihi dereva, "Chonde, fulumira!" Alinipeleka mbio, nami nyuma yake nikiomba Mungu simu zote za Dzaleka ziwe zimezimika.

Saa kumi niliwakuta wote wawili kibarazani. Furaha alikuwa anashonea vifungo, mama yake yuko kwenye cherehani. Nikapiga magoti.

"Mama Furaha, nisamehe. Nimefanya kitu kibaya sana."

"Inuka. Nilisikia Jumanne."

"Jumanne! Na jana tulishona pamoja?"

"Tulishona."

Sikuweza kumtazama mtoto. Yeye ndiye aliyesema, bila kuinua kichwa: "Mama njo alinipa nisikilize, da Yvette."

Mama Furaha akaacha kukanyaga mashine. "Miaka kumi na minne mi nashindwa. Nikamwekea sauti yako, nikamshika mkono. Ulisema vizuri. Hata mi singesema vile."

"Nililia," Furaha akasema. "Kisha nikamwuliza ule mwingine aliitwa nani. Aliitwa Riziki."

Nikaanza kucheka na kulia pamoja. Nikasema, basi, Mungu ameligeuza kuwa jema! Mama Furaha akatikisa kichwa.

"Kwa mtoto, aksanti. Nakushukuru kabisa. Lakini mi nilikuwa na mtu mmoja tu wa kumwambia mambo yangu. Sasa sina."

Akachukua uzi wake, akaendelea na kazi.

Rumba bado naishauri, na yule nesi msikilizeni, ni mzuri. Nilichojifunza ni kwamba shida ya mtu haitafutiwi jibu bila mwenyewe kukutuma, hata ukimpenda namna gani. Ndiyo maana kabla ya kuandika safari hii nilienda kuomba ruhusa. Furaha alikubali hapohapo. Mama yake alikata uzi kwa meno.

"Andika tu," akasema. "Hayo bantu bote banajua. Mengine hautayajua."