Siku Niliyomwombea Zainabu Ashindwe

Mimi si mtu wa safari. Safari yangu ya kila siku ni kutoka kitandani hadi kwenye cherehani, hatua kumi na nne, na katikati napita jikoni kupumzika. Hapa Mwamgongo kuna watu wanavuka ziwa kwenda Kongo na kurudi kama wanaokwenda kisimani. Mimi nikifika mwisho wa kijiji naanza kukumbuka nyumbani.

Kilichoning'oa ni simu ya dada yangu aliyeko Dodoma. Ndiye anayemlea binti yangu Zainabu tangu mama yake alipofariki, mwaka wa tatu huu. Muda wote huo sikuwa nimemwona. Likizo moja kulikuwa na masomo ya ziada, nyingine nauli ilikataa, nyingine mimi mwenyewe niliahidi kwenda, mgongo ukaniuma asubuhi ya kuondoka.

"Kaka, Zainabu anakuja Kigoma," dada alisema. "Shule yao imeingia kwenye ile chemsha bongo ya kwenye televisheni. Wanashindana na shule moja ya Ujiji, na kipindi kinarekodiwa hukohuko. Sasa usiniambie mgongo."

Sikumwambia mgongo. Nilishona koti la kahawia kwa kitambaa ambacho mteja alikitelekeza, nikaliogopa ziwa kwa siku nne mfululizo, ya tano ikawa Ijumaa.

Alfajiri ya Ijumaa nilishuka ufukweni. Nahodha aliponiona alizima tochi, akaiwasha tena, akanisalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, fundi! Umepotea njia?"

"Mwakeye. Nakwenda Kigoma."

"Jamani, fundi anakwenda Kigoma! Mpeni jaketi mbili za kuokolea."

Abiria walicheka hadi boti likatikisika, au labda ni mimi nilitikisika. Nilikaa katikati, juu ya gunia la mihogo la mama mmoja, nikashika ubao kwa mikono yote. Tulipita milima ya Gombe kukiwa kunapambazuka. Watu wanatoka Ulaya kuja kuitazama milima hiyo. Mimi niliitazama kwa jicho moja, jingine lilikuwa kwenye maji.

Saa mbili na nusu asubuhi tulifika Kibirizi, ufukwe wa boti wa Kigoma. Dagaa walikuwa wameanikwa mchangani, wapagazi wakipigana vikumbo na magunia, na katikati yao alikuwa binamu yangu Rajabu juu ya pikipiki yake ya bodaboda, amevaa fulana ya kijani ya timu ya Ujiji.

"Binamu, koti hilo umemnyang'anya maiti gani?"

"Na wewe fulana hiyo ya nini? Zainabu ni damu yako."

"Damu ni damu, Ujiji ni Ujiji," akasema, akanipakia hadi kwake Gungu. Mkewe alinipikia samaki wa mgebuka kwa mawese na ugali wa muhogo. Nilikula vizuri, nikalala vibaya. Kitanda cha watu hakijui mbavu zako.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, tulifika kwenye ukumbi ulioko Bangwe, karibu na ziwa. Mlangoni alisimama msichana mrefu mwenye sare ya bluu. Nilimpita. Nilikuwa namtafuta mtoto wa kimo cha kifua changu.

"Baba!"

Niligeuka. Mama yake alikuwa na shingo ileile.

"Shikamoo, baba. Umenenepa."

"Marahaba. Ni koti."

Akacheka, akanishika mkono, kisha akauachia haraka maana wenzake walikuwa wanatazama. Nilikuwa nimepanga maneno mengi kwenye boti. Yote yakayeyuka, nikamuuliza kama amekula.

Mwalimu wao, Mwalimu Neema, akaja kunisalimu. "Mzee, tukishinda, mchana huu huu tunapanda gari kwenda Mwanza, hatua inayofuata. Tukishindwa, tunasubiri treni ya Jumanne. Hapo unaweza kwenda naye nyumbani, mradi umrudishe siku hiyo asubuhi."

Nikakokotoa. Hesabu yangu ya kidato cha nne haikuwa nzuri, lakini hii ilinijia bila kalamu: akishinda, ndiyo nimeshamwona, basi. Akishindwa, siku tatu.

"Baba, niombee," Zainabu akasema akikimbilia ndani. "Nataka sana kufika Mwanza."

"Nitakuombea," nikasema.

Rajabu alinivuta upande wa Ujiji, maana viti vya wageni vilikuwa vimejaa. Nikawa koti moja la kahawia kwenye bahari ya kijani. Dada mmoja mwenye vifaa masikioni alitufundisha kupiga makofi. Akiinua mkono, tupige, akishusha, kimya.

"Mzee wa koti la kahawia, unachelewa!" akaniambia mbele ya watu wote. Kwa nini tupige makofi kabla jambo lolote halijatokea, hakuna aliyenieleza.

Msomaji wa maswali akatoa sheria. Timu inayojua jibu inabonyeza kitufe. Ukibonyeza kabla swali halijaisha, swali linakatwa hapohapo na unajibu kwa yale uliyoyasikia. Ukikosa, wenzako wanasomewa lote.

Walikwenda sambamba kama ng'ombe wawili wa jembe moja. Zainabu alijibu la kemia, akajibu la mito ya Afrika, kila mara akiegemea mbele, kidole juu ya kitufe. Kila alipojibu, watu wa upande wangu waliguna, nami moyo wangu ulifanya vitu viwili kwa wakati mmoja. Mdomo ulitaka kusema, "Huyo ni wangu." Chini zaidi kuna kitu kilikuwa kinasema, "Taratibu, mwanangu, taratibu, Mwanza ni mbali." Niliomba. Naandika ukweli: nilifumba macho nikaomba mwanangu akose.

Likabaki swali moja, timu zikiwa sawa. Ukumbi ulikuwa kimya bila kuamriwa.

"Katika Ziwa Tanganyika," msomaji akaanza, "wavuvi wa dagaa hutumia taa—"

Kitufe kililia. Zainabu alikuwa amesimama kabisa, uso unang'aa. Sikuwa nimeuona uso huo tangu alipokuwa mtoto anakimbilia ufukweni boti za dagaa zikirudi.

"Ili dagaa wafuate mwanga, waje juu karibu na wavu!"

"Samahani," msomaji akasema. "Jibu si sahihi. Ujiji, nawasomea swali lote. Wavuvi wa dagaa hutumia taa kuwavuta samaki. Ni kipindi gani cha mwezi ambapo taa hizo hazisaidii, na kwa nini?"

"Wakati wa mbalamwezi!" vijana wa Ujiji wakapaza sauti. "Mwanga unakuwa umetapakaa ziwa zima, dagaa hawakusanyiki kwenye taa!"

Ukumbi ukalipuka. Kamera zikatugeukia, Rajabu akanikumbatia, na mimi nilifurahi. Furaha yenyewe haikudumu hata dakika. Kisha nikamwona Zainabu bado amesimama, kidole bado kwenye kitufe, kana kwamba swali litarudi.

Saa saba mchana tulikuwa Kibirizi, tukipanda boti la kurudi. Rajabu alimnunulia soda, akamwambia, "Pole, bibi yangu, utani wetu usiutilie moyoni." Zainabu alishukuru, akakaa mbele, akanipa mgongo. Alilia hadi Gombe. Dua ikikubaliwa hukaa jirani yako kwenye boti saa kadhaa, na huna pa kuteremkia.

Tulipoivuka Gombe akageuka. "Lile swali nilikuwa nalijua lote, baba. Nilisikia Ziwa Tanganyika, nikasikia dagaa, nikasikia taa. Nikashindwa kungoja. Tangu niende Dodoma hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kitu cha nyumbani."

Nilitazama maji. Kwa mara ya kwanza sikuyaogopa.

"Uliniombea?" akauliza.

"Nilikuombea."

"Basi Mungu alikuwa anasikiliza wengine."

Ungekuwa wakati mzuri wa kusema. Badala yake nilivua koti, nikamfunika mabega.

Siku tatu zile zilipita kama zimekodiwa na mtu mwingine. Jumapili alilala hadi adhuhuri. Jumatatu alikwenda kuosha vyombo ziwani na wenzake wa zamani, nikasikia kicheko chake nikiwa kwenye cherehani. Jioni alishona pindo za sare mbili za watoto, akanisema kwamba mikono yangu imekuwa mizito. Jumanne alfajiri nilimsindikiza hadi Kibirizi, nikarudi. Safari mbili kwa wiki moja. Nahodha aliniuliza kama nimeanza kazi kwake.

Wiki tatu baadaye, Jumapili saa kumi alasiri, kipindi kikarushwa. Kijiji kizima kilijazana kwenye kibanda umiza, kile cha kulipia kutazama televisheni, nami nikapewa kiti cha mbele kama baba wa bibi harusi. Lilipofika swali la mwisho, nilijikuta nimeshika viti vya pande zote mbili. Nilijua yaliyotokea, nilikuwepo, na bado niliomba kwa nguvu zangu zote: subiri, Zainabu, neno moja tu, subiri. Akabonyeza.

Kisha kamera ikageukia watazamaji. Katikati ya kijani, mkubwa kama dirisha, ulikuwa uso wangu. Meno yote nje.

Kibanda kizima kikanigeukia.

"Fundi," nahodha akasema polepole, "mbona wewe unacheka?"

Nilitoka nje, na kabla sijafika nyumbani simu ikaita. Dada yangu ana televisheni sebuleni.

"Shikamoo, baba. Nimekuona."

"Marahaba, mwanangu." Nikavuta pumzi. "Nilikudanganya. Niliomba ukose. Nilitaka zile siku tatu."

Nikasikia televisheni ikizimwa upande wa pili.

"Nilikuwa nataka Mwanza, baba," akasema. Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo liliuma zaidi. "Ungesema tu unanihitaji. Au ungepanda treni ukaja."

"Naogopa safari."

"Najua. Sasa nisikilize. Desemba nakuja. Usiombe kitu chochote. Wewe panda boti, uje unipokee stesheni Kigoma."

Nilichojifunza ni kidogo, na wenye kusafiri sana huenda wanakijua tangu zamani: ukimkumbuka mtu, mfuate alipo. Usimwombee aanguke ili akuangukie wewe.

Nilimwambia Zainabu nitakuwepo, na mapema, kabla treni yake haijafika. Akaniuliza na mgongo je. Nikamwambia mgongo utabaki nyumbani.