Binti wa Vyoo na Bibi Asiyekuwepo

"Hivi dada, huyu mwanao amesoma, ana simu nzuri, ana akili zake timamu. Kwa nini anapiga picha choo?"

Swali hilo aliniuliza jirani yangu, fundi cherehani, akiwa amesimama mlangoni kwangu na utepe wa kupimia shingoni. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa amejionea mwenyewe: choo cha kukaa, cheupe, kipya, kimewekwa katikati ya sebule yangu juu ya shuka nililopewa siku ya harusi, na binti amelala kifudifudi mbele yake akikiambia, "Hapo hapo, usitikisike."

Nikamjibu kwamba ndiyo kazi yake.

"Mungu amsaidie," akasema.

Nikaitikia amina, maana hata mimi sikuwa na maelezo zaidi ya hayo.

Binti ni wa marehemu dada yangu. Nimemlea tangu anang'oka meno ya utoto. Ananiita mama mdogo, ingawa akitaka kitu huliondoa hilo "mdogo". Tangu utotoni alikuwa mtu wa kupanga. Alipanga zamu za kuoga, akapanga nani alale upande wa ukutani, na kuna wakati alimwandikia mume wangu ratiba ya siku za kukoroma. Mume wangu hakuifuata. Binti alipomaliza shule aliajiriwa na watu wa kuchapisha kadi, wakafunga duka. Akauza maua ya plastiki, hayakununuliwa. Ndipo akachukuliwa kwa majaribio na bwana mmoja muuza vyoo, masinki na mabomba. Mtaa mzima unamwita Mzee Bomba, naye amelizoea hilo kiasi kwamba ukimwita kwa jina lake halisi hageuki.

Kazi ilikuwa kuendesha ukurasa wa duka mtandaoni. Kabla ya hapo Mzee Bomba aliuendesha mwenyewe: asubuhi picha ya choo, mchana picha ya choo hicho hicho, jioni namba ya simu. Hakuna aliyeandika hata neno. Nani anataka wakwe zake waone kwamba amependa choo?

"Nakupa mwezi," Mzee Bomba alimwambia. "Watu wakianza kuongea na kuja dukani, kazi ni yako. Wasipokuja, nampa shemeji yangu. Hajui lolote, lakini mke wangu ataniacha nilale."

Binti alirudi nyumbani hataki hata chai. Kazi hii aliitaka sana. Si kwa sababu ya vyoo, mnielewe. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumtaka kwa tabia ile ile tuliyokuwa tukimgombezea.

Akachukua karatasi kubwa, akachora viboksi vya siku zote za mwezi, akaibandika ukutani sebuleni. Akanieleza kwamba hiyo ni kalenda ya maudhui: unapanga mapema siku gani utaweka nini mtandaoni, usije ukaamka asubuhi unajikuna kichwa.

"Choo hakina cha kusema, mama mdogo," akaniambia. "Mwenye kukikalia ndiye mwenye la kusema."

Basi kila kiboksi akakipa mtu wake na shida yake. Jumatatu, bibi ambaye magoti yamegoma kuchuchumaa. Jumanne, bwana harusi mtarajiwa anayeogopa wakwe watakiona choo chake. Jumatano, mama mjamzito anayeamka usiku kucha. Alhamisi, baba mwenye kitambi asiyeona anakolenga. Chini kabisa akaandika jina la ukurasa. Watu wote hao alikuwa amewatunga mwenyewe, akila karanga.

Sasa, kikundi chetu cha maombi cha akina mama hukutana kwangu kila Alhamisi, na tuna utaratibu wetu. Mahitaji ya kuombewa tunayaandika kwenye karatasi ya ukutani, mtu na siku yake, bila majina. Majina tuliyaacha baada ya ombi moja kuhusu mume wa mtu kumfikia mume huyo kabla halijafika mbinguni.

Alhamisi hiyo nilikuwa nimempeleka mume wangu kliniki. Mwenyekiti wetu akaingia sebuleni, akaona karatasi mpya, kubwa, safi, imejaa watu wenye taabu zao, kila mmoja na siku yake. Moyo ukamchangamka. Akaipiga picha, akawatumia wanachama wote. Mimi haikunifikia, simu yangu ni ya vibonyezo.

Wiki iliyofuata tumekusanyika, nimefumba macho, namsikia Mwenyekiti kwa sauti ya machozi: "Baba, mkumbuke mwanao mwenye kitambi! Mwongoze, maana haoni anakolenga!"

Wenzangu wakaitikia kwa nguvu. Nikafumbua jicho moja, nikaitazama karatasi ya binti, nikalifumba haraka.

Walipoondoka nilimweleza binti. Alicheka mpaka akaanguka kitini. Kisha akafungua ukurasa wa duka, na kicheko kikakatika. Wale mama hawakuridhika na maombi ya sebuleni, walikuwa wamewafuata wagonjwa wao huko huko mtandaoni. Chini ya picha ya choo cheupe mmoja ameandika: "Bibi usikate tamaa, utaketi kwa amani." Mwingine: "Tuko na wewe bibi, hata usiku." Mwingine: "Ukishachuchumaa tupe ushuhuda." Watu tusiowajua nao wameingilia. Huyu anauliza bibi ni wa nani, yule anashauri dawa ya kuchua, hawa wanabishana juu ya magoti, na wengine, ajabu, wanauliza choo kinapatikana wapi.

Kabla hajamaliza kusoma, simu ikalia. Sauti ya Mzee Bomba niliisikia nikiwa jikoni.

"Binti! Umeniweza! Watu wanamuulizia bibi mpaka kaunta! Jumamosi namtaka dukani, apigwe picha amekaa!"

"Bosi, huyo bibi..."

"Mpakie kwenye gari, mbebe mgongoni, shauri yako! Asipoonekana, Jumatatu shemeji anaanza."

Akakata.

Fundi cherehani, ambaye huwa hapitwi na sauti kubwa, alikuwa ameshafika mlangoni.

"Bibi ni bibi," akasema. "Okota yeyote, mtie mtandio, mkalishe pale. Nani atajua?"

Niliona jinsi binti alivyolipokea neno hilo kwa macho. Alikuwa ameshaanza kumpanga huyo bibi wa kuokota. Nikamwambia, "Unaweza, mwanangu. Ila Mwenyekiti amefunga kwa ajili yake. Tangu juzi anashinda bila kula."

"Amefunga kwa ajili ya choo?"

"Kwa ajili ya magoti."

Binti akakaa juu ya kile choo cha sebuleni, akashika kichwa.

Kesho yake akina mama walirudi kwangu ili Mwenyekiti afungue mfungo wake mbele ya wenzake. Ndiyo kwanza amenyanyua kikombe cha chai, binti akasimama.

"Shikamooni, mama zangu. Yule bibi hayupo. Wala baba mwenye kitambi hayupo. Niliwatunga mimi. Ile karatasi ni matangazo ya duka la vyoo."

Mwenyekiti akakiweka kikombe chini polepole.

"Kwa hiyo mimi nimeshinda na njaa kwa ajili ya tangazo?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Na bwana harusi je?" akauliza mwingine kwa huzuni. "Nilikuwa nimeshaanza kumpenda."

"Hayupo, mama."

"Jamani! Hata mjamzito?"

"Hata yeye."

"Basi tushukuru, angalau hana uchungu."

Mkubwa wetu kwa umri akaanza kutikisika mabega. Nilidhani analia. "Wiki nzima," akasema, "nimeombea magoti ya mtu asiyekuwepo, na haya yangu yananililia hapa hapa!" Nyumba ikalipuka kwa vicheko. Mwenyekiti alichelewa kucheka, lakini alipoanza ilibidi tumshikie kiti.

Hapo ndipo binti akatoa ombi lake. Mama mmoja alilikubali, na chini ya picha yake binti aliandika ukweli wote: bibi wa kwanza alikuwa wa kutungwa, huyu na magoti yake ni wa kweli. Kazi anayo mpaka leo, na shemeji amepewa ya kufuta vumbi kwenye masinki ili Mzee Bomba alale. Ila mtaani wanasimulia kwamba binti aliwataka akina mama wa maombi wakajisaidie dukani mbele ya kamera. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. Alichosema ni hiki:

"Mama zangu, namwomba mmoja wenu ambaye magoti yanamsumbua kweli aje dukani Jumamosi, akae juu ya choo apigwe picha, nguo zote zikiwa mwilini na kifuniko kimefungwa."