Neno Manamba, na Mazishi Karibu na Muheza

Msomaji mmoja ameniuliza maneno mapya huundwaje. Nitamjibu kwa nililoliona Jumatatu karibu na Muheza, basi letu liliposimama kupisha jeneza. Abiria wanaume tulishuka, tukapokezana kulibeba hadi makaburini.

Marehemu alikuwa mkata mkonge, mtu wa bara. Mwalimu wa chuo cha Kurani alichuchumaa kichwani pa kaburi ili asome talkini, ambayo humwita maiti kwa jina lake na la mama yake.

"Aitwa nani?" akawauliza wenzake wa shambani.

"Manamba," akajibu mmoja.

"Hiyo ni kazi yenu nyote. Jina lake?"

Walitazamana. "Namba yake naijua, mwalimu. Jina silijui."

Basi neno huundwa hivyo. Mtu huandikwa kazi mbali na kwao, akapewa namba. Sisi watu wa Tanga twaichukua namba ile, twaitia "ma" mbele, na neno likishazoeleka midomoni hatuulizi tena ndani yake yumo nani.

Mwalimu alimwita mja wa Mungu, mwana wa Hawa, akasoma hadi mwisho. Watu walipoanza kujikung'uta mchanga, yeye hakuinuka. Alimgeukia yule aliyemjibu.

"Na wewe, jina lako nani? Na mama yako?"

Akawauliza wote, mmoja mmoja, nao wakajibu kwa sauti ya chini. Wa mwisho alikawia kujibu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka zamani.