Pilipili za Jirani

"Jirani, mbolea yako ya maji imehamisha hata nzi hapa Misima!" Chausiku alifoka, kaziba pua kwa kanga. Jamaa akaendelea kukoroga pipa la samadi na majani, taratibu, kama anapoza uji wa mgonjwa. Pilipili zake ni nyekundu kuliko za wote, na mwenyewe akionja moja anashikwa na kwikwi mpaka jioni. Kila shina analipimia kopo moja, kisha anaitupia jicho barabara ya Korogwe. Mkewe alipokwenda kwao Manundu aliaga kwamba atarudi pilipili zikiiva. "Zimeiva mara tatu sasa," Chausiku akasema, sauti imeshuka. "Wifi anakuja lini?" Jamaa akachota kopo lingine, akaenda zake kwenye shina linalofuata.