Mke wa Pili wa Baba

Mimi ndiye niliyekitupa kile kitabu, ingawa nimekana kwa miaka arobaini. Juma lililopita nilikiona kingine kama hicho kwenye dirisha la duka la mitumba hapa Harrow, ughaibuni: mwanamke yule yule wa Kifaransa jaladani, na kilemba chake.

Mchana ule, nikiwa bado mtoto, mama alikuwa kazini, hospitali. Nyumba ilinuka samaki wa kukaanga, na kila treni ilipopita vikombe vilitetemeka kabatini. Baba, ambaye hata gazeti hakuwa na subira nalo, aliitazama sana ile picha ya jaladani, kisha akaanza kusoma.

"Nani huyo, baba?"

"Mwanafalsafa. Anaandika na riwaya. Anasema kila mtu yuko huru kujichagulia maisha yake."

Binamu zangu Unguja walikuwa na mama wawili wawili, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa zaidi. Baba alikuwa ameshachagua. Nilimwonea wivu yule mwanamke. Baba alipokwenda kusali Alasiri, nikakifukia kitabu ndani ya pipa la taka, chini ya maganda ya viazi. Baadaye chuo kikuu, kwa aibu yangu, niliandika tasnifu nzima juu ya mke mwenza huyo wa mama.

Jana nilimpigia mama simu nikaungama.

"Kilikuwa changu," akasema. "Baba yako alitaka kujua nasoma nini. Kilipopotea nikasema kakificha yeye kwa wivu. Mpaka leo tukigombana namtajia."

Kisha nikamsikia akiita, kwa upole nisiouzoea, "Baba Salma, hebu njoo kidogo."