Kucha za Bibi Mkubwa

Mtaani kwake walimwita Mama Kucha, na wageni walidhani ana saluni. Kazi yake ilikuwa kusugua kucha za tembo kwa tupa katika bustani ya wanyama. Tembo wa kufungiwa hatembei vya kutosha. Kucha zake zisipopunguzwa hupasuka, zikatunga usaha, na mnyama mzito kama lori akafa kwa kidole.

Aliwatunza majike wawili. Bibi Mkubwa ni tembo wa Afrika, masikio kama milango, kucha nne kila mguu wa mbele. Aliletwa akiwa ndama, mama yake ameuawa kwa ajili ya meno. Bibi Mdogo ni tembo wa Asia, masikio madogo, kucha tano mbele. Nusu ya maisha yake alivuta magogo msituni, na sikio lake la kushoto lilichanwa na ndoano ya chuma ya waliomfuga.

"Wake wenza wa ajabu hawa," wafanyakazi walitania. "Hawajagombana hata juu ya ndoo!"

Kweli, walilala wameegemeana. Kila asubuhi Mama Kucha aliketi kwenye kigoda nje ya nondo, akasema, "Mguu, bibi," na mguu ukapitishwa kwenye tundu la chini. Hakuwa na kamba wala fimbo. Alikuwa na neno hilo tu.

Mkurugenzi mpya alipoleta sanduku la chuma lenye ukubwa wa chumba, alimwambia ni mizani. "Mzoeshe Bibi Mdogo kuingia na kutoka, tumpime uzito." Akamzoesha kwa ndizi na maneno matamu.

Alijua ukweli siku shemeji yake, dereva wa lori la kreni, alipofika getini.

"Shemu, mzigo wako tayari?"

"Mzigo gani?"

"Tembo. Si anahamishiwa bustani nyingine?" Kisha akashusha sauti. "Usiniambie hawakukwambia."

Mama Kucha alimfuata mkurugenzi, aliyekuwa amesimama kando ya sanduku.

"Mizani, ee? Mizani!"

"Mama, tulia. Hawa ni jamii mbili tofauti. Maradhi ya mmoja yanaweza kumuua mwenzake. Hilo si langu, ni la wataalamu."

"Basi ungeniambia hivyo hivyo, kwa mdomo huo huo."

"Ungekataa."

"Ningekataa ndiyo! Miaka ishirini wanapumuliana, leo ndiyo wameanza kuambukizana?"

Mama Kucha alikataa kumwita Bibi Mdogo aingie. Wanaume waliokuja na lori wakaita wao, wakamwaga ndizi. Bibi Mdogo akamgeukia mwenzake. Ndipo mmoja wao akatoa garini fimbo yenye ndoano. Bibi Mdogo alipoiona, masikio yalimkakamaa, mkojo ukamtoka pale pale.

"Weka chini hiyo!" Mama Kucha alifoka. "Weka chini, mshenzi wewe!"

Alisubiri hadi fimbo ikarudi garini, akijua akikataa tena itatolewa. Kisha, kwa sauti yake ya kila asubuhi, akasema, "Twende, bibi." Bibi Mdogo akaingia. Mlango ukashuka. Nyuma ya nondo Bibi Mkubwa aliona yote, na ngurumo yake watu waliihisi kwenye nyayo kabla ya kuisikia masikioni.

Tangu hapo Bibi Mkubwa hakumwinulia Mama Kucha mguu tena. Mama Kucha aliketi kwenye kigoda, akasema neno lake, naye akamgeuzia makalio. Kucha zikaanza kupasuka, na mkurugenzi akaja kuuliza.

"Mbona husugui, mama? Basi tumchome dawa ya usingizi."

"Kwa umri ule hataamka, na unajua."

"Sasa tufanyeje?"

Mama Kucha aliinuka, akamtia tupa mkononi. "Kaa hapo. Mwombe mguu."

"Mimi hanijui."

"Na mimi hanijui tena. Neno langu ulilichukua ukalifanya mlango wa sanduku. Mrudishe mwenzake, au omba."

Wafanyakazi walikuwa wamesimama na ndoo zao, wakitazama. Mkurugenzi aliketi kwenye kigoda, magoti yakamfika kifuani.

"Mguu, bibi," alisema.

Bibi Mkubwa alipunga mkia, basi.

"Sema tena," Mama Kucha alimwambia, akabaki amesimama kando yake.